Mnara wa Ukweni kwa Kauthar

Benchi letu pale Dengfeng, huku China, aliliacha kinyozi mmoja wa Kichina siku alipohama, na mguu wake uliovunjika tumeuegemeza kwa furushi la jinzi ambalo mwenyewe hatujawahi kumjua. Liko kichochoroni, kati ya duka la simu na mgahawa wa Bimkubwa, mama wa Kiunguja anayetupikia kahawa chungu ya tangawizi na kutuletea kwenye chupa yenye maua mekundu. Tunamwita Spika, kwa kuwa mtu akipayuka sana hamjazii kikombe. Nassor ni mtu wa Kariakoo, kazi yake kukagua mizigo ya watu kabla haijapakiwa kwenye kontena, na jina lake la kijiweni ni Kagua. Bwana huyu hawezi kupewa sahani bila kuipindua aitazame chini. Josphat wa Nairobi ananunua viatu vya watoto, na kwa jinsi anavyotoa ahadi tunamwita Gavana. Mimi wananiita Katibu kwa sababu nasikiliza kuliko kusema, na kwenye benchi lile hiyo si kazi ndogo. Pikipiki za umeme zikija na marobota zinatupigia honi, tunakunja miguu, tunaendelea.

Asubuhi hiyo akaja Dullah, naye wa Unguja, amekumbatia boksi kama baba aliyetoka wodi ya wazazi. Akaliweka juu ya kreti la soda, akatoa minara miwili midogo ya plasta, kila mmoja kimo cha chupa ya maji. Wa kwanza ulikuwa umeinama, una ufa toka juu mpaka chini, na kileleni pana rundo la vijiti na ndege mwenye miguu mirefu kasimama juu yake. Wa pili ulikuwa umenyooka, rangi ya krimu, na kileleni una kuba la dhahabu linalong'aa.

Bimkubwa: Na hivi ni nini, mwanangu? Vya kutilia chumvi?

Dullah: Hapana, Bimkubwa. Ni mnara wa kengele wa kijijini kwa Kauthar. Nisaidieni, wazee wangu. Laoban, bosi wa kiwanda, kanitolea sampo mbili nichague moja, na anataka jibu kabla hajala chakula cha mchana. Akila analala, akiamka anachonga moldi ya kumiminia plasta. Moldi ikishachongwa, basi tena.

Josphat: Kauthar ni nani, buda?

Kauthar ni mdogo wake Dullah. Mhispania mmoja alikuja Unguja kupiga picha milango ya zamani, akaondoka na msichana wa nyumba ya nyuma ya mlango mmoja. Sasa wanaishi kwao huyo bwana, kijiji kinaitwa Valdeperales del Cerro, jina refu kuliko barabara yake. Watu wa kijiji kizima hawajazi ukumbi mmoja wa harusi.

Dullah: Kuna sherehe yao ya mwaka inakuja. Wakakaa mkutano, wakasema wanataka minara midogo, kila nyumba ipate mmoja, na mingine wauziwe wageni. Kauthar akanyosha mkono. Tangu aolewe hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano ule. Akasema, kaka yangu yuko China, ataitengeneza. Sasa kila akienda kununua mkate anaulizwa, minara iko wapi? Na mama mkwe wake, Bi Encarna, tangu harusi anamsubiri aharibu kitu.

Bimkubwa: Maskini mtoto wa watu. Kaolewa na kijiji kizima.

Dullah: Ndivyo anavyosema mwenyewe. Kila siku ujumbe ni mmoja, kaka usiniaibishe.

Josphat: Si umpigie tu umuulize anataka gani?

Dullah: Kule alfajiri bado. Akilala anazima simu.

Basi ikawa shauri letu, na Mungu amsaidie yule ambaye shauri lake limefika benchini kwetu. Kauthar alikuwa ametuma picha za majengo yote ya zamani ya kijiji, ili kaka yake ajue anashughulika na watu wa aina gani. Nassor akavaa miwani na kuomba simu. Hapo nikajua kazi imeanza.

Nassor: Hili banda la mawe lenye mabirika marefu ni la nini?

Dullah: Kauthar anasema hapo ndipo wanawake wa zamani walipokuwa wakifua nguo. Kijiji kizima wanafulia pamoja.

Nassor: Jengo zima la kufulia? Na upande wa mbele halina ukuta? Halijaisha hilo, halipiti. Rijekti.

Bimkubwa: Kufua nini! Hebu lete simu hiyo. Hapo ni pa kutilia udhu. Tazama maji yanavyopita, tazama jiwe la kukalia. Waislamu walikaa huko miaka na miaka, hamkusoma nyie? Hapo msikiti uko karibu, n'nakwambia.

Josphat: Mama, kwa heshima zote, hapo ni mahali pa kuosha magari. Kwetu Githurai ziko hivyo hivyo.

Dullah: Gavana, jengo lina miaka mia tatu.

Josphat: Basi waliosha punda. Punda pia ni gari.

Bimkubwa akampita Josphat bila kummiminia. Nassor akafungua picha ya pili, nyumba ya duara ya udongo na mawe, na ndani yake kuta zote zimejaa matundu, mistari kwa mistari, tangu sakafuni hadi darini.

Nassor: Na hii?

Dullah: Nyumba ya njiwa.

Nassor: Ya nani?

Dullah: Ya njiwa. Walikuwa wakifugwa humo, mamia.

Nassor: Yaani njiwa wamejengewa nyumba ya mawe, kila njiwa na chumba chake?

Dullah: Ndiyo.

Nassor: Mimi nalala chumba kimoja na Wakongo na mashine ya kufulia! Mashine yenyewe inatembea usiku! Hapana, siikubali hii. Rijekti.

Alikasirika kwelikweli. Nilimwona akiivuta ile picha kwa vidole aikuze, anahesabu vyumba vya njiwa kwa midomo, anasonya. Sijawahi kuona mtu akimwonea ndege wivu namna ile.

Josphat: Kagua, tulia. Hiyo si nyumba ya njiwa. Hilo ni soko. Kila tundu ni kibanda cha mtu. Huo ni mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu, ila wa watu wa kitambo.

Bimkubwa: Masanduku ya posta hayo. Njiwa walikuwa wakipeleka barua. Kila tundu la mtu wake, njiwa anaingia, anaweka barua, anatoka.

Josphat: Enhe! Sasa umenena, mama. Na si barua peke yake, manze. Pesa! Unamfunga njiwa pesa mguuni, anaruka, anafika kwa shangazi yako huko mlimani, shangazi anatoa.

Nassor: Na njiwa akiliwa na mwewe njiani?

Josphat: Hayo ndiyo makato.

Hapo Bimkubwa alicheka mpaka akalazimika kuiweka chupa chini, na Josphat akasamehewa, akajaziwa kikombe. Dullah hakucheka. Alikuwa anatazama saa ya simu yake na kujifuta jasho la shingoni.

Dullah: Jamani, mnara. Laoban atakula.

Nassor akauchukua ule mnara ulioinama. Akaupindua, akaugonga kwa ukucha, akafumba jicho moja akaupima kwa kona ya duka la simu. Mkono wa Nassor ukiwa kazini hata Bimkubwa huuheshimu.

Nassor: Umeenda upande. Una ufa. Juu una takataka. Mteja akifungua kontena akakuta kitu kama hiki, anakurudishia mzigo mlangoni.

Dullah: Lakini ndivyo ulivyo, Kagua. Nilimpa laoban picha, nikamwambia yiyang, yiyang, yaani uwe sawasawa na picha. Akaweka kila kitu. Huo mwingine kautengeneza kwa mapenzi yake. Kaniambia wateja wake wote wangechukua huo.

Bimkubwa: Na huu umeinama kwa nini?

Mimi ningekuwa Dullah ningelitia boksi kwapani saa ileile nikaondoka.

Bimkubwa akajijibu: Bila shaka ulikuwa mnara wa adhana huo. Walipoutia kengele ukaona haya, ukainamia kibla.

Josphat: Mama, kibla haihusiki. Hiyo ni tenda. Kontrakta alipewa mawe ya mnara mzima, akajenga nusu, hizo zingine akajengea kwake. Nyinyi tafuteni nyumba ya huyo kontrakta hapo kijijini. Mtaikuta imenyooka.

Nassor: Wote hamjui mnachosema. Tatizo ni ndege.

Dullah: Ndege?

Nassor: Tazama alivyosimama. Kushoto. Kila mwaka kushoto. Mzigo haukusawazishwa, kaka! Kontena ukiipakia hivyo, meli inalala ubavu. Huyo ndege kakaa hapo miaka, na baba yake, na babu yake, wote kushoto. Mnara ufanye nini?

Nikauliza ndege huyo ana kilo ngapi. Nikaambiwa nisivuruge mjadala.

Bimkubwa: Basi wamhamishe kulia, unyooke wenyewe.

Josphat: Ama waweke wawili. Mmoja huku, mmoja huku.

Nassor: Wawili watazaa.

Josphat: Wakizaa, wazae kwa usawa!

Dullah akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba yule ni korongo, kwamba Kauthar kamwandikia kuwa kila mwaka akirudi kwenye kiota chake hicho cha vijiti kijiji kizima hutoka nje kumtazama.

Nassor: Wanatoka kumfukuza.

Dullah: Hawamfukuzi. Wanapiga kengele.

Nassor: Ndiyo kufukuza kwenyewe huko. Kwetu tunapiga debe.

Ikapigwa kura. Josphat akasema huo ulionyooka ni mnara wa watu walioendelea. Bimkubwa akasema bibi harusi hapeleki ukweni kitu chenye ufa, iwe bakuli, iwe kikombe, sembuse mnara, na hapo nilimwona Dullah akiinamisha kichwa, maana hilo lilimwingia. Nassor akasema maisha yake yote ya ukaguzi hajawahi kupitisha ufa na hataanza leo kwa ajili ya ndege. Na mimi nikanyosha mkono kwa huo mzuri. Ulikuwa unang'aa, nao ulinipendeza, sina la kuficha.

Tungeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini kijiwe kikishapata ushindi hakijui kunyamaza. Josphat akataka mnara uwekewe saa. Nassor akataka taa ndani, ya kuchaji. Josphat akasema ikiwa kuna taa, basi na muziki, ukiubonyeza uimbe. Bimkubwa akataka kuba lifunguke, mtu aweke sukari, kwa kuwa kitu kisichofunguka wanawake hawakinunui. Josphat akauliza kwa nini mnara usiwe na miguu ya mpira, na magurudumu, watoto nao wapate. Nassor akafikiria kwa makini, akasema magurudumu yataongeza ujazo wa katoni.

Dullah: Sitaki magurudumu. Nitachukua huu ulionyooka, kama ulivyo. Basi.

Akabonyeza simu, akamtumia laoban sauti kwa Kichina chake cha sokoni, kwamba wachonge ule mzuri. Jibu likarudi hapohapo, kidole gumba. Josphat akampigia makofi. Bimkubwa akatumiminia wote, na kashata akaleta, bure.

Wakati huo akasimama mbele yetu mama mmoja anakokota begi la magurudumu, kavaa sweta na joto lote lile.

Mueni: Hamjambo hapa? Nimesikia Kiswahili nikasema asante Mungu. Naitwa Mueni, nimetoka Machakos, nimekuja kununua mapazia. Ni mara yangu ya kwanza. Guangyuan Xilu ni upande gani?

Nassor akaonyesha kushoto, Josphat akaonyesha kulia, na Bimkubwa akamwambia akae kwanza anywe kahawa, hao wanaume wamalize. Chupa ikainamishwa, ikatoa nusu kikombe na machicha. Mueni akaketi, akashukuru, na macho yake yakatua kwenye kreti. Akauchukua mnara ulionyooka.

Mueni: Wah, hii ni safi. Huu mnara ni wa wapi?

Dullah: Hispania, mama. Kijijini anakoishi dada yangu. Nitawapelekea kwa sherehe yao. Huu hapa, utazame.

Akampa simu yenye picha. Mueni akatazama picha. Akatazama mnara alioushika. Akatazama ule mwingine, ulioinama, na ndege wake.

Mueni: Lakini huu wa kwenye picha ni ule mwingine, wenye ndege.

Dullah: Ndiyo. Ni huohuo.

Mueni: Sasa mimi nauliza huu nimeshika. Huu uko wapi?

Nikamtazama Nassor. Nassor akamtazama Josphat. Pikipiki ikaja na marobota, ikapiga honi, wala hatukukunja miguu, ikabidi mwenyewe ashuke aisukume kando ya ukuta akitutukana.

Josphat: Madam, si kuna jina? Angalia hapo chini.

Mueni akaupindua, akasoma pole pole.

Mueni: Made in China.

Nassor: Wataelewa. Watajua umekarabatiwa.

Dullah: Umekarabatiwa na nani?

Nassor: Na sisi.

Dullah: Tukiwa wapi, Kagua? Kwenye benchi?

Dullah akakaa chini kwenye ukingo wa benchi, uso umempauka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamwonea huruma ya kweli.

Dullah: Bi Encarna atauliza hivihivi. Atauweka mezani mbele ya watu wote, atasema, Kauthar, mwanangu, huu mnara wa wapi? Na Kauthar atanyamaza kama tulivyonyamaza sisi. Hatanyosha tena mkono pale mpaka afe.

Bimkubwa: Basi umekaa kufanya nini? Mpigie laoban kabla hajalala!

Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bimkubwa alikuwa kasimama, kashika kifua, anamlaani laoban kwa kula mapema, na Josphat anaahidi kwamba yeye binafsi ataenda kiwandani kuziba mlango kwa mwili wake. Ya tatu ikapokelewa. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyekwisha kujinyosha.

Dullah akaruka juu. Akapiga kelele kwa Kichina, Kiswahili na mikono, na mtaa mzima wa Dengfeng ukageuka kumtazama mtu anayelilia kupewa ufa.

Dullah: Si huo, laoban! Ule wa kwanza! Yiyang! Ndiyo, na ufa! Hapana, sitaki punguzo! Usinizibie ufa, laoban, nakuomba! Uinamie kushoto! Kushoto!

Laoban hakuamini. Tulimsikia akibishana kwenye spika ya simu. Miaka yote wateja wanamrudishia vitu kwa sababu ya nyufa, leo huyu anauomba, kesho si atakuja kudai kauziwa kibovu? Akasema hachongi moldi ya kitu kilichopasuka mpaka mkaguzi akubali, na mkaguzi anayemjua yeye ni mmoja tu, yule Mtanzania mwenye miwani ambaye hajawahi kumpitishia hata kikombe.

Dullah akampa Nassor simu.

Nassor akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena. Akauchukua mnara ulioinama, akaupitishia kidole ufa wote toka juu mpaka chini, akamgusa ndege mgongoni. Nadhani ilimwuma. Kisha akaweka simu mdomoni na kusema kwa ile sauti yake ya bandarini, ambayo wenye viwanda wakiisikia huacha kula.

Nassor: Laoban, Kagua hapa. Nimeukagua, umepita. Ila nitafungua kila katoni mwenyewe, na nikikuta hata mmoja umenyooka, nakurudishia mzigo wote.